Nani Kasema Depok Haina Mila?

Wajuaji wa Jakarta wamekwisha kuihukumu Depok: mji wa kulala. Watu wake hudamka, hupanda treni kwenda kazini kaskazini, usiku hurudi kulaza mbavu. Mila watazitoa wapi? Nawauliza, wamepanda lini angkot?

Depok ilipata hadhi ya jiji mwaka 1999, na sensa ya 2020 ilikuta watu zaidi ya milioni 2, wengi wao wa kuja. Wenyeji wapo: zile koo 12 za uzao wa watumwa ambao Mholanzi Cornelis Chastelein, aliyefariki 1714, aliwaacha huru na kuwarithisha ardhi, wapo pia Wabetawi na mikate yao ya harusi yenye umbo la mamba. Hayo yana waandishi wake. Mimi nasema habari za angkot, vile vibasi vya buluu.

Angkot haina konda. Mabenchi mawili yanatazamana, magoti yanagusana: sita upande mmoja, wanne upande wa mlango. Akizidi mtu, hupewa kibao pale mlangoni akae kuwaelekea wenzake wote. Wenyewe hukiita benchi la wasanii. Wa mbali husogea ndani bila kuambiwa, wa karibu hubaki mlangoni. Mama akitoka sokoni, kapu lake hupokewa kabla yeye hajainua mguu. Ukifika kwako unapaza sauti, “Kiri, Bang!”, yaani “Kushoto, kaka!”, dereva anavuta kushoto, unashuka, unazunguka hadi dirisha la mbele, ndipo unalipa. Nauli baada ya safari, kwa abiria ambaye angeweza kutokomea kichochoroni! Watu wasio na mila hawaaminiani hivyo.

Kungoja abiria kando ya barabara ya Margonda, gari likinguruma na foleni ikirefuka nyuma, sikutetei. Wala silii kupandwa kwa mapaa ya treni, kulikoua watu. Ila mwaka 2013, tiketi za kielektroniki zilipoingia, wauza tofu na waimbaji nao waliondolewa, na treni ikawa safi, ya baridi, kila mtu na simu yake.

Sasa zamu ni ya angkot. Tangu Agosti 2023 kituo cha Harjamukti, ukingoni mwa Depok, kina treni nyepesi inayojiendesha, na pikipiki ya kuitwa kwa simu hukufuata hadi barazani. Ni haraka, sibishi. Lakini pikipiki hubeba mmoja, haikudai umsogelee yeyote. Dereva wa angkot akikosa watu hungoja zaidi ili ajaze. Akingoja zaidi, waliomo wanachoka, kesho nao wanaita pikipiki. Kisha anakuja yule yule mjuaji, mwenye gari lake, kuniambia kwamba angkot zimejiua zenyewe kwa uvivu.