Kifungo Kidogo, Ushahidi Mkubwa

Jembe au chombo cha kutambua metali huweza kuibua mashambani Momela kifungo cha sare ya kikoloni. Tusikimbilie kukisugua. Taji la Kaisari huelekeza kwa Wajerumani, walioipoteza Arusha Machi 1916. Taji la wafalme wa Uingereza, 1901 hadi 1952, lina kuba ya mviringo. La Malkia Elizabeth II limebonyea katikati. Mgongoni huwapo jina la mtengenezaji. Lakini kifungo kisichoandikiwa mahali kilipolala kimepoteza nusu ya ushahidi wake. Na ndani ya Hifadhi ya Taifa, kuchimba bila kibali ni marufuku.

Tuwakumbuke pia wapagazi wetu: walikufa makumi ya maelfu, wala hawakuacha vifungo vya kuokotwa.