Kumsikiliza Bobby Bland: Utangulizi wa Bluzi ya Souli

Huenda umefika hapa kwa sababu ulisikia wimbo mmoja wa Bobby “Blue” Bland ukakukaa kichwani, na ulipouliza ni muziki gani, mmoja akakuambia ni bluzi, mwingine souli, na wa tatu akaapa kwamba yule mtu anaimba kama yuko kanisani. Usibabaike. Wote watatu wamesema kweli, na ukielewa kwa nini, utakuwa umeshaingia ndani ya somo letu.

Tuanze na bluzi. Ni muziki wa Wamarekani weusi wa majimbo ya kusini, na umbo lake linalofahamika zaidi ni la vipimo 12. Kipimo ni kifungu kidogo cha mapigo, kwa kawaida manne. Gonga meza moja, mbili, tatu, nne. Hicho ni kimoja. Vikitimia 12, ubeti umekwisha na unaanza mwingine. Ubeti wenyewe una mistari mitatu: mwimbaji anatoa kauli, anairudia, kisha mstari wa tatu unaijibu. Kila mstari umetengewa vipimo vinne, lakini maneno hayavijazi vyote. Sauti inanyamaza kabla ya wakati, na pale palipobaki wazi gita au tarumbeta inajibu. Ukitaka kujipima, tafuta “Farther Up the Road” ya mwaka 1957, wimbo wa kwanza wa Bland kushika namba moja kwenye chati ya Billboard ya muziki wa watu weusi. Hesabu huku unasikiliza. Ukipotea, rudia mwanzo. Kila mtu hupotea mara ya kwanza.

Souli ina asili nyingine. Katika miaka ya 1950, waimbaji waliolelewa na nyimbo za injili walichukua uimbaji wa ibadani, yaani kuvuta silabi moja juu ya noti nyingi, kupaza sauti ghafla, kuongoza na kuitikiwa, wakauhamishia kwenye nyimbo za mapenzi. Bluzi ya souli basi ni visa vya bluzi vinavyosimuliwa kwa koo la kanisani, nyuma yake pakiwa na safu ya vyombo vya kupuliza. Utaniuliza mpaka uko wapi kati ya kimoja na kingine. Mimi nimeacha kuutafuta. “Turn On Your Love Light” ya mwaka 1961 ina mwendo wa kanisa lililopandwa na Roho, lakini anayeitwa humo ni mpenzi.

Bland alizaliwa tarehe 27 Januari 1930 huko Barretville, Tennessee, akiitwa Robert Calvin Brooks. Bland ni jina lililotoka kwa baba yake wa kambo. Shule aliiacha mapema, na kusoma kukabaki mzigo kwake. Alihamia Memphis na mama yake, akaimba injili, kisha akavutwa na Beale Street, mtaa wa vilabu, alikokuwa na vijana wenzake kama B.B. King, Johnny Ace na Rosco Gordon. Akarekodi kwa kampuni ya Duke, akaenda jeshini, na aliporudi akakuta kampuni iko mikononi mwa Don Robey wa Houston.

Huko Houston ndiko alikompata mtu ambaye wanafunzi wapya humruka, nami nakuomba usimruke: Joe Scott, mpiga tarumbeta na mpangaji muziki. Mpangaji ndiye anayeamua chombo gani kiingie lini, kiseme nini, na kinyamaze wapi. Kwa B.B. King kazi hiyo ilikuwa nyepesi kidogo, kwani gita lake mwenyewe lilimjibu. Bland hakupiga chombo chochote. Alisimama na maikrofoni tu, kwa hiyo kila jibu lilipaswa kutoka kwa wengine, na Scott ndiye aliyeyaandika. Nyimbo Bland alizipokea kwa sikio na kuzishika kichwani, Scott akimwelekeza namna ya kuyagawa maneno.

Sikiliza “I Pity the Fool” ya mwaka 1961. Anapoanza ni kama mtu anayezungumza na nafsi yake. Vyombo vya kupuliza vinamsukuma hatua kwa hatua, naye anapanda navyo mpaka anawaita watu wote washuhudie fedheha yake. Huko juu utasikia sauti ya kukwaruza, mkoromo mkavu unaotoka chini ya koo. Wageni wengi hudhani ameshikwa na kikohozi. La, ni ufundi wa makusudi. Bland alieleza kwamba aliupata kwa kusikiliza hubiri la mchungaji C.L. Franklin wa Detroit, baba yake Aretha Franklin, kuhusu tai na kiota chake. Ule upole wa mwanzo, kwa upande mwingine, aliupenda kwa Nat King Cole. Waimbaji wakali walikuwa wengi na wapole pia. Bland aliweza kuwa wote wawili ndani ya dakika tatu, na kwangu hapo ndipo ulipo ukubwa wake.

Utakutana pia na jina Deadric Malone kwenye nyimbo nyingi, likitajwa kama mtunzi. Usihangaike kumtafuta. Ni jina la bandia la Don Robey, aliyekuwa akinunua nyimbo kwa watunzi wahitaji na kujiandikia haki zake.

Duke iliuzwa kwa kampuni ya ABC mwaka 1973. Mwaka uliofuata ikatoka albamu ya “Dreamer”, yenye “Ain't No Love in the Heart of the City”, ambayo Kanye West aliikata vipande mwaka 2001 kumtengenezea Jay-Z wimbo. Vijana wengi wameifahamu sauti ya Bland kwa mlango huo. Mwaka 1985 alijiunga na kampuni ya Malaco ya Jackson, Mississippi, ambako Z.Z. Hill alikuwa ameshaonyesha kwa albamu ya “Down Home” kwamba watu wazima weusi wa kusini bado walitaka muziki wao. Ni hao waliokuwa wamejaza kumbi za Bland tangu enzi za ubaguzi, katika mzunguko wa vilabu na majumba yaliyowapokea weusi. Mwaka 1992 aliingizwa katika Rock and Roll Hall of Fame. Alifariki tarehe 23 Juni 2013 huko Germantown, Tennessee, akiwa na miaka 83.

Sasa weka maandishi pembeni. Tafuta albamu ya “Two Steps from the Blues” ya mwaka 1961, uisikilize yote kwa mpangilio wake bila kuruka wimbo. Kisha sikiliza “Stormy Monday Blues”, ambamo gita la Wayne Bennett linajibu kila mstari, na uanze tena kuhesabu mpaka 12.