Mayai Elfu au Mtoto Mmoja: Uzazi wa Wadudu Maeneo ya Meru

Mdudu jike ana nguvu chache na siku chache za kuishi. Ama azigawe kwa mayai mengi yatakayojitegemea, ama azimalize kwa watoto wachache anaowalisha mwenyewe. Arusha na nyika zinazouzunguka Mlima Meru zina wadudu wa namna zote mbili.

Kipepeo wa michungwa, *Papilio demodocus*, hutaga yai mojamoja kwenye majani machanga ya mlimau au mchungwa. Kwanza hulipapasa jani kwa miguu ya mbele, ambayo ndiyo humwonjesha kama mti unafaa. Kwa kuwa mayai yametawanyika, watoto hawagombanii jani moja, na ndege akimpata mmoja hajawapata wote. Kiwavi mchanga ana rangi ya kahawia yenye mabaka meupe, hata hudhaniwa kinyesi cha ndege. Akikua hugeuka kijani, na akichokozwa huchomoza nyuma ya kichwa pembe mbili laini zenye harufu kali. Mama yake hayupo tena. Malezi yake yaliishia kwenye kuchagua jani.

Nondo wa kiwavijeshi, *Spodoptera exempta*, hutegemea wingi. Jike mmoja huweza kutaga mayai yapatayo 1,000, kwa mafungu. Nondo huchukuliwa na upepo, hushuka mvua inakonyesha, na viwavi huanguliwa baada ya siku chache, wakati nyasi na mahindi ndiyo kwanza yanachipua. Wakiwa wachache huwa wa kijani. Wakisongamana huwa weusi, huzidi kuchangamka na huhama kwa makundi. Wengi mno hufa, lakini hata wakipona wachache kizazi kinaendelea. Mkulima wa Tengeru anapogundua shamba limevamiwa, mara nyingi viwavi wameshakuwa wakubwa. Ndiyo maana mitego yenye harufu ya nondo jike, inayonasa madume, ina thamani kubwa: hutoa tahadhari kabla viwavi hawajaanguliwa.

Mbung'o, wanaojulikana sana Tarangire na nyika ya Wamaasai, wako upande wa pili kabisa. Mbung'o hatagi. Yai moja huanguliwa tumboni, na buu hulishwa maziwa ya tezi maalumu za mama kwa siku 9 hivi, hadi uzito wake unakaribia wa mama mwenyewe. Akizaliwa hujifukia udongoni, ngozi yake hugeuka gamba gumu, na baada ya mwezi mmoja hivi hutoka akiwa mbung'o kamili, bila kula chochote tangu azaliwe.

Malezi hayo ya ajabu yana udhaifu wake. Jike huzaa watoto wachache tu maishani, na kwa kawaida hupandwa mara moja. Akipandwa na dume tasa, uzazi wake umekwisha. Udhaifu huo ulitumiwa kuwaangamiza kisiwani Unguja: kuanzia 1994, baada ya mbung'o kupunguzwa kwa viuadudu, ndege zilimwaga mamilioni ya madume waliofugwa Tanga na kutasishwa kwa mionzi. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa 1996, na mwaka uliofuata kisiwa kikatangazwa kuwa hakina mbung'o.