Mchezo mgumu, lakini wa haki
Bandugu, kisha kazi wengi wetu tunacheza na batoto Elden Ring, mchezo wa Wajapani wa FromSoftware, uliotoka mwaka 2022. Hakuna kuchagua urahisi: mukubwa na mudogo wanapigwa na Margit yule yule. Anainua fimbo, anachelewa kuishusha. Mwenye haraka anapigwa, mwenye kuangalia anaepuka. Akikushinda, unaenda kwingine kutafuta nguvu, kisha unarudi. Ule ugumu tunaukubali, sababu unafundisha.

Bei ndiyo inauma. Wakati ulitoka ulikuwa dolari 60: ni unga wa nyumba. Basi tuchange pesa, diski moja izunguke nyumba kwa nyumba.

Na vijana muelewe: mule ukifa, unaamuka tena. Mu shimo, hapana.