Chungu Kimoja cha Majira ya Baridi

Wenzangu wengi waliohamia Uholanzi husema chakula cha huku hakina ladha kwa kuwa hakina viungo. Mimi napika Leiden, na nasema ladha yake imo katika subira.

Chukua snert, supu ya njegere kavu zilizopasuliwa. Hupikwa na liki, karoti, vitunguu, mzizi mnene wa seleri, nyama ya nguruwe na soseji ya moshi iitwayo rookworst. Mimi Mwislamu hutia mifupa ya ng'ombe na soseji halali, na supu hutoka tamu vilevile. Moto uwe mdogo, njegere zivurugike mpaka kijiko kisimame wima. Kisha ilaze. Kesho yake imeshakuwa nzito zaidi, nawe utaila kwa mkate mweusi wa rai uliopakwa haradali.

Stamppot ni rahisi zaidi: viazi na mboga huchemshwa pamoja, vikapondwa humohumo chunguni. Inayopendwa sana ni ya boerenkool, ndugu wa sukuma wiki mwenye majani ya kujikunja. Wazee husubiri kwanza ipigwe na jalidi, na wana sababu: baridi ikikaza, mmea hujaza sukari majanini ili usigande, na uchungu hupungua. Ukishapakua, chimba kishimo katikati ya kilima chako, ukijaze mchuzi.

Hutspot, ya viazi, karoti na vitunguu, ndiyo fahari ya mji wetu. Mwaka 1574 Wahispania waliizingira Leiden, na maelfu wakafa kwa njaa na maradhi. Waholanzi walioasi utawala wa Hispania walibomoa kingo za maji, nchi ikafurika, mashua zikaweza kupita, na maadui wakakimbia. Inasimuliwa kwamba kijana mmoja alikuta katika kambi yao chungu cha nyama na mizizi. Hicho ndicho husemwa kuwa asili ya hutspot, ingawa viazi vilikuwa bado havijafika huku. Mpaka leo, kila tarehe 3 Oktoba, watu hugawiwa samaki wa herring na mkate mweupe asubuhi, na jioni nyumba hunukia hutspot.

Viazi, karoti, vitunguu na njegere kavu ni vyakula vya bei nafuu vinavyokaa ghalani miezi mingi shamba likiwa tupu. Kwa hivyo vikawa chakula cha kila nyumba. Ndugu mgeni, kabla hujatafuta pilipili, kubali kwanza kukaribishwa bakuli la snert iliyolala.