Macho Yaonayo Mbali na Mtoto wa Shule

Katika lugha yetu, tukitaka kumsifu mtu kwa busara zake twasema, "Bwana huyu aona mbali." Ni sifa njema kwa mzee wa baraza. Lakini kuna kuona mbali kwingine, ambako si sifa bali ni kasoro ya macho, nako huwapata watoto wadogo bila ya wazazi wao kutambua. Habari zake nataka kuzieleza leo, hasa kwa waalimu na wakubwa wa vijiji na mitaa, maana hao ndio wawezao kuleta msaada.

Mimi ni karani, na makazi yangu ni Kariakoo, mjini Dar es Salaam. Aliyepata kufika huku aujua msongamano wa barabara zake: watu, mikokoteni, wachukuzi na mizigo yao, na daladala zenye maandishi ya kule ziendako. Alikuja kukaa kwangu mpwa wangu, mtoto wa miaka minane, apate kusoma. Tukisimama kituoni, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kusoma bango la daladala, nami bado sijaliona. Nikamsifu kwa macho yake. Lakini jioni akishika kitabu, baada ya mistari michache hufikicha macho, huruka maneno, kisha husema, "Mjomba, maandishi yanacheza, na kichwa kinaniuma." Nikadhani ni uvivu, maana aonaye bango la ng'ambo ya barabara atashindwaje na kitabu kilicho mkononi mwake? Nikamkemea, na siku moja nikamchapa. Tena alipopimwa macho shuleni kwa ubao wa herufi, alisoma mistari yote bila kosa, nami nikazidi kuamini kwamba nina haki. Kumbe nilikuwa nikimwadhibu kwa maradhi.

Sababu yake ni hii. Chukua kioo cha kukuzia, ukikinge juani juu ya karatasi. Kikiwa katika umbali wake, nuru hukusanyika ikawa nukta ndogo ikaunguza karatasi. Ukiisogeza karatasi karibu mno na kioo, nukta ile hupanuka ikawa duara la ukungu, kwa kuwa nuru haijawahi kukusanyika. Jicho nalo lina lenzi mbele, na nyuma lina utando upokeao nuru, uitwao retina. Jicho likiwa fupi kuliko inavyopasa, nuru hufika kwenye retina kabla haijakusanyika, na picha huwa ya ukungu. Jicho la mtoto mchanga lina urefu wa kama milimita 17, na la mtu mzima kama milimita 24. Kwa hiyo watoto wengi huzaliwa na kasoro hii kidogo, nayo hupungua jicho likikua, hata wafikapo miaka sita au saba wengi wamekuwa sawa. Lakini wako ambao macho yao hubaki mafupi.

Basi, mbona mtoto huyo aliona bango la mbali? Kwa sababu lenzi ya mtoto ni laini, na ndani ya jicho upo msuli uwezao kuinenepesha ili ikusanye nuru upesi zaidi. Nguvu ya lenzi hupimwa kwa kipimo kiitwacho dayopta. Mtu mwenye macho mazima hatumii nguvu kutazama mbali. Akisoma kitabu kilicho sentimita 33 kutoka machoni, atumia dayopta 3. Lakini mtoto mwenye kasoro ya dayopta 4 atumia 4 kwa kutazama mbali tu, na akisoma atumia 7. Mfano wake ni wachukuzi wawili wa sokoni. Mmoja huanza safari mikono mitupu. Mwenzake huanza na gunia begani, kisha huongezwa la pili. Huyu wa pili aweza kuvuka barabara bila ya mtu kujua kwamba ameelemewa, lakini mwambie aende hivyo mpaka Pugu, ndipo utakapoona magoti yake yakitetemeka.

Hapo ndipo lilipo kosa letu katika kupima. Ubao wa herufi hutundikwa mita 6 mbali na mtoto. Asiyeona mbali hutambulikana mara moja, lakini mwenye jicho fupi hujikaza kwa dakika chache, akasoma, akaandikiwa kwamba macho yake ni mazima. Kisha arudi darasani kwenye kitabu, na huko ndiko kwenye mzigo wake wa pili.

Madhara yake si ya kichwa tu. Katika uchunguzi mmoja wa Marekani uliotangazwa mwaka 2016, watoto wa miaka minne na mitano wenye kasoro ya dayopta 3 hata 6, wasio na miwani, walionekana kuwa nyuma ya wenzao katika maarifa ya mwanzo ya kusoma, hasa wale ambao kuona kwao kwa karibu kulikuwa kumeharibika. Tena, msuli ule ukikazwa mno, macho huvutwa kuelekea puani, na mtoto akawa na makengeza. Na jicho moja likiwa na kasoro zaidi ya mwenzake, ubongo huacha kulisikiliza, nalo hulala. Jicho lililolala huamshwa kwa miwani, na pengine kwa kuziba lile zima kwa muda. Lakini mtoto akipita miaka saba au minane kazi hiyo huwa ngumu zaidi. Wasemao kwamba makengeza yataondoka mtoto akikua wanapoteza wakati usiorudi.

Sasa mwalimu afanye nini?

Kwanza, asiache ubao wa herufi, bali ampime mtoto kila jicho peke yake, jicho la pili likifunikwa kwa kiganja bila ya kubonyezwa. Asiyejua herufi aonyeshwe alama ya E iliyogeuzwa huku na huku, naye aonyeshe kwa vidole upande iliyoelekea.

Pili, mtoto akiisha kusoma vizuri, avikwe miwani ya lenzi nene katikati, yenye nguvu ya dayopta 2, kisha asome tena ubao ule ule wa mbali. Mwenye macho mazima atalalamika kwamba herufi zimeingia ukungu. Lakini yule ambaye bado asoma mistari midogo kwa raha, huyo apelekwe kwa daktari, kwa maana miwani ile imempokea mzigo.

Tatu, apimwe pia kwa maandishi madogo yaliyo karibu, kama sentimita 40.

Nne, mwalimu na mzazi waangalie dalili: kufikicha macho, machozi wakati wa kusoma, kupoteza mstari, kukichukia kitabu, kichwa kuuma jioni za shule na kupona siku za likizo, na jicho kuingia ndani. Mtoto wa makengeza asingojee kupimwa shuleni, bali apelekwe mara moja.

Huko hospitali daktari hutia matone yanayoulegeza msuli ule, ndipo kasoro iliyojificha hudhihirika. Mzazi asiogope mtoto akichukizwa na mwanga na kushindwa kusoma kwa muda. Ni kazi ya dawa. Si kila mtoto atapewa miwani, maana kasoro ndogo ni kawaida ya utoto. Kwa hiyo msimnunulie mtoto miwani iliyo tayari inayotembezwa barabarani. Hiyo ni ya wazee waliopungukiwa na nguvu za kusoma, nayo haijui kipimo cha jicho la mtoto. Hapa mjini wako madaktari wa macho Muhimbili na CCBRT. Kaskazini wako KCMC, Moshi. Na kwa watu wa kanda ya ziwa, Bugando, Mwanza. Walio mbali waanze kwa mganga wa wilaya.

Jambo la mwisho lawahusu wakubwa. Hapa Dar es Salaam wanafunzi wa sekondari walipimwa macho, na habari zake zikatangazwa mwaka 2008. Waliopewa miwani bure, baada ya miezi mitatu 47 katika kila 100 walikuwa wakiivaa au wanayo shuleni. Waliopewa cheti tu cha kwenda kununua, ni 26 katika 100. Maana yake, kupima bila kusaidia ni nusu ya kazi. Na hata kutoa miwani hakutoshi, ikiwa mtoto atachekwa akiivaa. Wazee wa kijiji waweza kuchanga kwa ajili ya fukara, na mwalimu aweza kukomesha dhihaka darasani.

Mpwa wangu alitiwa matone, akapewa miwani. Kichwa kimeacha kumwuma, nami nimemwomba radhi. Basi, ndugu wasomaji, kabla ya kuinua fimbo juu ya mtoto achukiaye kitabu, mpimeni macho kwanza, ya mbali na ya karibu.