Amiba, Alsa na Baridi: Majina Yanayouficha Udhaifu wa Mifupa Kibera na Kawangware

Miongoni mwa maradhi ambayo Kiswahili cha mitaani bado hakijayapa jina ni yale ya uvimbe sugu wa utumbo. Wataalamu huyagawa katika makundi mawili makuu: ugonjwa wa Crohn, ulioitwa hivyo kutokana na daktari Burrill Crohn aliyeueleza pamoja na wenzake huko New York mwaka 1932, na ugonjwa wa vidonda vya utumbo mpana. Hapa ndipo tatizo la kisemantiki linapoanza. Mkazi wa Kibera au Kawangware asikiapo "vidonda" huwaza alsa, yaani vidonda vya tumbo la chakula. Naye anayehara damu miezi nenda miezi rudi huitwa mgonjwa wa amiba au taifodi, akanunua vidonge kwenye kemisti, akapata nafuu ya siku mbili tatu, kisha akarejea palepale. Si kosa lake. Amiba na taifodi zipo kweli mahali ambapo maji safi na vyoo ni adimu, na ni busara kuzichunguza kwanza. Kasoro huzuka pale jina lililozoeleka linapoufunga mlango wa uchunguzi.

Madhara hayaishii tumboni. Mfupa ni kiungo hai: chembe fulani huubomoa na nyingine huujenga upya, mithili ya nyumba ya udongo ya Kibera inayokandikwa kila baada ya masika. Uvimbe wa utumbo humwaga katika damu kemikali zinazowachochea wabomoaji. Utumbo mwembamba uliojeruhiwa nao hushindwa kufyonza vyema kalisi na vitamini D, ambazo ndizo udongo na maji ya ukandikaji huo. Juu ya hayo huja dawa yenyewe. Prednisolone hutuliza uvimbe upesi, lakini huwadhoofisha wajenzi, na mfupa hupungua kwa kasi zaidi katika miezi 3 hadi 6 ya mwanzo. Hata hivyo, mgonjwa aliyeitumia kwa majuma mengi asiiache ghafla kwa hofu ya mifupa, kwa sababu mwili huwa umepunguza kutengeneza homoni yake wa aina hiyo, na kuikatiza huweza kuhatarisha maisha. Hupunguzwa kidogo kidogo chini ya uangalizi wa daktari.

Neno la pili linaloficha ni "baridi". Maumivu yoyote ya mgongo au nyonga, hasa Julai, husemwa kuwa ni baridi iliyoingia mifupani, au baridi yabisi. Kuna ukweli kiasi: maradhi haya ya utumbo huweza kuleta uvimbe wa viungo, magoti na vifundo vikafura wakati tumbo nalo limechafuka. Lakini udhaifu wa mifupa ni jambo jingine kabisa. Hauumi. Hunyamaza hadi pingili ya uti wa mgongo ibonyee kwa kuinua mtungi wa maji wa lita 20, kazi ambayo mitaani humwangukia zaidi mwanamke na kijana.

Kinga nyingine zi karibu. Omena wa soko la Toi, aliwaye mzima na mifupa yake, ana kalisi nyingi, nayo sukuma wiki huongeza. Maziwa yasipomkubali mgonjwa, mtindi huweza kumfaa. Jua la Nairobi halina uhaba, ila anayeshinda ndani ya chumba cha futi 10 kwa 10 au kazini tangu alfajiri hadi magharibi halipati. Kipimo bora ni kile cha wingi wa madini mfupani, ambacho hakipo katika zahanati za mitaa hii. Eksirei ya kawaida haioni upungufu mpaka takriban asilimia 30 ya madini yawe yamepotea. Kwa hiyo chombo cha kwanza cha tabibu ni swali lililoulizwa kwa Kiswahili kinachoeleweka: umemeza vidonge hivi kwa miezi mingapi, na je, kimo chako kimepungua?